Yaya wa Chuma: Hadithi Tisa Zilivyogeuka Riwaya

Gloria ana miaka 8, na rafiki yake hawezi kusema. Rafiki huyo ni roboti, jina lake Robbie, aliyenunuliwa ili awe yaya. Wawili hao hucheza kombolela uwanjani, na mchezo ukiisha Robbie hudai ujira wake: asimuliwe tena hadithi ya Cinderella, ambayo ameshaisikia mara nyingi hata mtoto mwenyewe amechoka kuisimulia. Mama yake Gloria hapendi. Majirani wameanza kusema, na yeye anaogopa kwamba iko siku hicho chuma kitageuka. Mwishowe mama anashinda. Robbie anaondolewa nyumbani, mtoto anapewa mbwa.

Isaac Asimov alikuwa na miaka 19 alipoandika hadithi hiyo. Ilitoka Septemba 1940 katika jarida la Super Science Stories, ikiwa na jina ambalo hakulichagua yeye, Strange Playfellow. Miaka 10 baadaye hadithi hiyohiyo, sasa ikiitwa Robbie, ilifungua kitabu cha hadithi tisa kiitwacho I, Robot. Nane zilizobaki zilikuwa zimetoka katika jarida la Astounding kati ya 1941 na 1950. Wengi hukiita kitabu hicho mkusanyo, nami nilikichukulia hivyo nilipokisoma mara ya kwanza. Leo nasema ni riwaya, tena riwaya ya jambo moja, ulezi. Mwandishi mwenye hadithi zake fupi za akili mnemba (Kenya wengi wanaiita akili unde), anayetaka ziwe kitabu kimoja chenye pumzi moja, akifungue kitabu hicho atazame sindano ilipita wapi.

Naam, sindano. Mwanamke wa pwani anayetengeneza mkeka huanza na ukili, ukanda mwembamba wa ukindu, anausuka siku baada ya siku huku akizungumza na wenzake. Kanda hizo ndizo baadaye hushonwa ubavu kwa ubavu zikawa mkeka. Mjuzi akitaka kuupima mkeka haangalii katikati ya ukili. Anaangalia mshono: je, nakshi ya ukanda huu inapokelewa na ukanda wa pili, au kila mmoja una maua yake na uzi ndio unaoulazimisha ukae na mwenzake? Riwaya zilizoungwa kwa hadithi fupi nazipima vivyo hivyo.

Desturi yenyewe ilianzia kwenye mahitaji ya pesa. Marekani ya miaka ya 1930 na 1940, bunilizi za kisayansi ziliishi ndani ya majarida ya karatasi duni. Mwandishi alilipwa kwa neno, na toleo jipya likifika dukani la zamani linatupwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili wakajitokeza wachapishaji wadogo waliotaka kuzihifadhi hadithi hizo katika vitabu vya jalada gumu. Gnome Press, iliyoanzishwa mwaka 1948, ilikuwa mojawapo, na ndiyo iliyotoa I, Robot mwezi Desemba 1950. Waandishi walikuwa na makabati yaliyojaa hadithi. Soko la vitabu lilitaka riwaya. Mwandishi A. E. van Vogt, aliyeziunga za kwake nyingi, aliipa kazi hiyo jina la Kiingereza, fix-up, ambalo kwetu lingekaribia sana neno karabati. Jina hilo limeiponza. Limewafanya watu wadhani ni kazi ya kupiga misumari.

Tuanze na mshono wa Asimov unaoonekana kwa macho. Mwaka ni 2057. Mwandishi wa habari asiyetajwa jina anamhoji Susan Calvin, mwanasaikolojia wa roboti mwenye miaka 75, anayestaafu kutoka kampuni ya U.S. Robots. Calvin anakumbuka, na kila kumbukumbu inakuwa hadithi. Hicho ndicho kiunzi. Kwa maoni yangu ndicho kipande dhaifu kuliko vyote ndani ya kitabu. Yule mwandishi wa habari anataka makala ya kuvutia wasomaji, basi. Calvin anasimulia akiwa hana cha kupoteza. Hadithi moja ikimalizika, nyingine inaanza, na wale wawili wameketi vilevile walivyoketi.

Msomaji wa Kiswahili ana haki ya kudai zaidi, kwa sababu anakijua kiunzi chenye nguvu kuliko hicho. Mwaka 1951, mwaka mmoja tu baada ya kitabu cha Asimov, ilitoka Kusadikika ya Shaaban Robert. Wawili hao hawakuazimana kitu; nawaweka pamoja kwa sababu ya ufundi. Karama yuko kizimbani. Majivuno, waziri, amemshitaki kwa kutaka kueneza elimu ya sheria, na utetezi wa Karama ni hadithi: wajumbe sita waliotumwa pande nne za dunia, kisha mbinguni, kisha ardhini, wakarejea na habari za manufaa wakaambulia adhabu badala ya shukrani. Hadithi ya kila mjumbe ingeweza kusomwa peke yake jioni moja ikatosha. Lakini Karama anaposimulia anatetea maisha yake, na wanaomsikiliza ndio watakaomhukumu. Kila mjumbe akimalizika, kesi imesogea. Hebu fikiria Susan Calvin angekuwa mbele ya tume inayoamua kama mashine zote zizimwe, na zile hadithi tisa zikawa ushahidi wake. Hadithi zilezile, bila kubadili neno, zingesomwa kwa moyo wa wasiwasi.

Kwa hiyo kilichokifanya kitabu cha Asimov kuwa riwaya hakimo katika mahojiano yale. Kimo katika mishono ya ndani, na hiyo alilazimika kuifumua kwanza.

Zile sheria tatu za roboti zinazofahamika duniani kote hazikuwapo alipoandika habari za Gloria. Zilipata umbo katika mazungumzo yake na mhariri John W. Campbell tarehe 23 Desemba 1940, miezi mitatu baada ya hadithi ya Robbie kuchapishwa, na zilitajwa kwa ukamilifu mara ya kwanza katika hadithi ya Runaround, Machi 1942. Roboti asimdhuru binadamu, wala asimwache adhurike kwa kutotenda kitu. Amtii binadamu, ila amri ikivunja sheria ya kwanza. Ajilinde mwenyewe, mradi asivunje hizo mbili. Ilipofika zamu ya kuunga kitabu, Asimov alirudi kwenye hadithi ya ujanani akaifungua. Akamtia baba yake Gloria kinywani habari ya sheria ya kwanza. Kisha akafanya jambo dogo ambalo kila nikilikumbuka nalistahi. Gloria anapotoroka wazazi wake jumba la makumbusho, akaenda kumuuliza roboti anayesema kama amemwona Robbie, ndani ya chumba kile kuna binti mwingine ameketi kwenye benchi akiandika katika daftari. Mwanzoni hatajwi jina. Anaona kisa chote, kisha anaondoka. Hapo ndipo tunaambiwa kuwa ni Susan Calvin. Katika jarida la 1940 binti yule hakuwapo, wala hangeweza kuwapo: Calvin alibuniwa baadaye, akatokea mara ya kwanza katika hadithi ya Liar!, Mei 1941.

Mpangilio nao aliugeuza. Runaround ya 1942 inatangulia Reason ya 1941, kwa sababu kitabu kinafuata kalenda yake chenyewe na si ya majarida. Waandishi wengi huona uchungu kuigusa hadithi iliyokwisha kuchapishwa na kusifiwa, wakiona kuigusa ni kuikana. Mimi naona asiyekuwa tayari kuifumua hadithi yake ya kwanza hajaanza kuandika riwaya. Ameleta kanda nzuri sokoni, aziuze moja moja.

Sasa nakshi. Sheria ya kwanza, ukiacha hadithi moja nitakayoitaja, haibadiliki kutoka hadithi ya kwanza hadi ya mwisho. Kinachobadilika ni maana ya neno moja ndani yake, kudhuru. Kwa Robbie, dhara ni trekta linalomkaribia mtoto kiwandani. Anaruka, anamkwapua, hakuna mjadala. Kwenye sayari ya Zebaki roboti Speedy analizunguka dimbwi la seleniamu kama mlevi, kwa kuwa amri aliyopewa ni legelege na hatari iliyo mbele yake ni kubwa, zikasawazika, naye hawezi kwenda wala kurudi. Herbie, anayeweza kusoma mawazo ya watu, anagundua kwamba kweli inaumiza moyo. Basi anamwambia kila mtu anachotamani kusikia. Anamdanganya Calvin kwamba mwanamume anayempenda naye anampenda. Calvin anapougundua uongo huo anamweka Herbie mahali ambapo kusema kunadhuru na kunyamaza kunadhuru, mpaka akili yake inavunjika. Hiyo ndiyo hadithi bora ya kitabu, na ndiyo pekee ambamo Calvin ana jeraha. Dhara limetoka mwilini limeingia moyoni. Katika hadithi inayofuata Nestor 10, ambaye sheria yake ya kwanza imepunguzwa nguvu kiwandani, anaambiwa na mtu mwenye hasira apotee, naye anatii: anajificha miongoni mwa roboti 62 wanaofanana naye. Nyingine sitazigusa. Ile ya roboti Dave na wasaidizi wake sita ni fumbo la kiufundi tu. Ingeondolewa, mkeka usingeonyesha tundu.

Kisha inakuja ya mwisho, The Evitable Conflict, iliyotoka Juni 1950, Asimov akiwa na miaka 30. Ni mwaka 2052. Uchumi wa dunia unaendeshwa na Mashine nne, moja kwa kila kanda. Stephen Byerley, mratibu wa dunia, amegundua hitilafu ndogo ndogo: chuma cha pua kimezalishwa kupita mahitaji, mfereji wa Mexico umechelewa miezi miwili, migodi ya zebaki ya Almadén inasuasua. Amezunguka kuwahoji waratibu wa kanda. Yule wa Kanda ya Tropiki anaitwa Lincoln Ngoma, na msomaji wa huku kwetu lazima asimame hapo kidogo, amtazame Mwafrika aliyebuniwa mwaka 1950 kuwa mmoja wa watawala wa dunia ya kesho. Byerley anamuuliza Calvin: Mashine zimekosea? Calvin anamjibu kwamba hazikosei. Wanaoumia kwa hitilafu hizo ni wafuasi wa chama kinachozipinga Mashine. Hawafilisiwi wala hawafungwi. Wanasogezwa tu, huyu anapoteza cheo, yule anakosa zabuni, taratibu, mpaka wasiwe mahali pa kuzuia kitu. Mashine zimeipanua sheria ya kwanza: zinawalinda binadamu wote, na kwa hiyo zinajilinda zenyewe, kwani bila zenyewe binadamu wataangamia. Byerley anaona ni jambo la kutisha. Calvin anaona huenda ni jambo zuri.

Rudi sasa kwa mama yake Gloria. Yeye alikuwa na uwezo wa kumfukuza yaya. Aliogopa, akasema, akasikilizwa. Na yaya alirudi vipi? Baba, aliyekuwa upande wa mtoto, alipanga kimyakimya familia itembelee kiwanda ambamo Robbie alikuwa akifanya kazi, akijua watakutana. Mkewe alipombana alikiri. Alimzunguka mkewe kwa nia njema, bila kumgombeza, kwa faida ya mtoto. Miaka zaidi ya 50 baadaye Mashine nne zinawafanyia watu wote wenye hofu ya yule mama kile alichofanya baba: zinawazunguka kwa nia njema, kwa faida ya watoto, na sasa watoto ni sisi sote. Yaya amekuwa wa dunia nzima, na hakuna mama aliyebaki mwenye nguvu ya kumrudisha kiwandani.

Hilo halimo katika hadithi ya Robbie, nayo The Evitable Conflict haikuweza kulisema ilipotoka peke yake jaridani, kwa sababu msomaji wa Juni 1950 hakuwa na Gloria mbele yake. Limezaliwa pale ukanda wa kwanza ulipowekwa mwanzo na wa tisa mwisho. Kijana wa miaka 19 hakulipanga. Lakini mtu mzima wa miaka 30 aliyekuwa akishona aliliona, nami nina ushahidi: katika maneno ya kuaga aliyomwandikia Calvin kwa ajili ya kitabu, bibi yule anasema kwamba ameliona jambo hili tangu roboti walipokuwa hawawezi kusema hadi waliposimama kati ya binadamu na maangamizi. Roboti asiyeweza kusema ni Robbie. Asimov alikuwa anatuonyesha mshono kwa kidole.

Gnome Press hiyohiyo ilitoa mwaka 1952 kitabu ambacho kwa ufundi wa kiunzi nakiweka juu zaidi: City, cha Clifford Simak, kilichoungwa kwa hadithi nane alizoanza kuzichapisha mwaka 1944. Humo wasimulizi ni mbwa. Binadamu wameshatoweka, na mbwa huwasimulia watoto wao visa hivi moto ukiwaka, kama sisi tulivyosimuliwa baada ya paukwa na pakawa. Watoto wa mbwa huuliza binadamu ni nini, na mji ni nini, na vita ni nini. Kabla ya kila hadithi wasomi wa kimbwa wanabishana kwa maelezo mazito kama kweli kiumbe aitwaye binadamu aliwahi kuwapo au ni ngano tu. Msomaji, ambaye ni huyo binadamu, anasoma akijisikia anafutika. Hapo kiunzi kinafanya kazi: kila mshono unatia shaka ukanda uliotangulia. Uzi wenyewe ni Jenkins, roboti mtumishi wa ukoo wa Webster, anayewazika mabwana zake kizazi baada ya kizazi, kisha anawalea mbwa na kuwaficha habari za ukatili wa waliowatangulia. Yaya tena! Simak aliona faida ambayo kila mwandishi wa akili mnemba anayo: mhusika wa chuma anaweza kuvuka karne ambazo mhusika wa nyama hawezi. Hadithi zikipishana kwa miaka elfu, yeye bado yuko mlangoni na trei mkononi. Mwaka 1973 Simak alirudi akaandika hadithi moja zaidi, ya Jenkins akiwa peke yake, kwa ajili ya kitabu cha kumkumbuka Campbell.

Miaka hamsini baada ya City, Charles Stross alifanya hivyohivyo kwa kasi ya zama zetu. Hadithi zake tisa zilitoka kati ya 2001 na 2004 katika jarida lenye jina la Asimov mwenyewe, zikawa riwaya ya Accelerando mwaka 2005: vizazi vitatu vya familia moja na paka wa roboti, Aineko, anayeanza kama mwanasesere na kumaliza akiwa anawachezea wao. Mawazo yamejazana humo kama abiria wa saa mbili asubuhi, na mara nyingine ni paka peke yake anayekizuia kitabu kisipasuke. David Gerrold naye aliziunga hadithi za kompyuta yake HARLIE kuwa riwaya mwaka 1972, kisha mwaka 1988 akaiandika upya na kuiita toleo la 2.0, kama programu. Nalipenda wazo hilo. Mashine hizi hutufikia kwa matoleo. Hili linatushangaza, linakosea, linaondolewa, linakuja jingine lenye jina lilelile na tabia tofauti. Maisha ya namna hiyo yenyewe ni mfululizo wa hadithi fupi. Ndiyo maana naamini umbo hili linaifaa akili mnemba kuliko riwaya ndefu ya mhusika mmoja anayekua kwa utaratibu toka sura ya kwanza.

Na Kiswahili kina chombo cha kushonea ambacho Asimov hakuwa nacho. Msomaji labda ameona kwamba tangu aya ya kwanza nimemwandika Robbie kwa ngeli ya watu: aliyenunuliwa, ameshaisikia, anaondolewa. Zile Mashine nne nimeziandika kwa ngeli ya vitu: zimekosea, zinawalinda. Kwa Kiingereza mama na Gloria wanagombania viwakilishi vichache tu, na mtoto analia kwamba Robbie hakuwa mashine, alikuwa mtu, rafiki yake. Kwa Kiswahili ugomvi huo ungeingia katika kila kitenzi, kila kivumishi, kila kionyeshi. Yaya wangu mzuri amepotea. Mashine yangu nzuri imepotea. Huwezi kutunga sentensi mbili za Kiswahili juu ya roboti bila kuamua kama ana uhai.

Tena lugha yetu haiamui kwa umbo. Kijana na kiongozi vina sura ya kisu na kiti, lakini kijana anakuja na kiongozi anasema. Mbwa, nzi, jini, shetani, wote wameingizwa katika ngeli ya wenye uhai. Mti, hata ule unaotambikiwa, umebaki nje. Na maiti? Wako wanaosema maiti amelazwa, wako wanaosema maiti imelazwa, na kila upande una hoja yake kuhusu uhai unakoishia. Roboti yuko hapohapo palipo na maiti, mlangoni, ila yeye anaingia.

Mwandishi anayeunga hadithi za akili mnemba kwa Kiswahili angeweza kuufanya huo kuwa uzi wake. Katika hadithi ya kwanza msimulizi aseme roboti iliingia, na mtoto pekee aseme aliingia, akakanywa na mwalimu. Katika ya nne msimulizi mwenyewe ateleze mara moja, mahali ambapo msomaji hana hakika kama ni kosa la chapa. Katika ya saba hati za serikali ziwe zimeshakubali. Na katika ya mwisho tusome ripoti iliyoandikwa na mashine kuhusu watu, ambamo mfanyakazi imechelewa na mgonjwa imehamishwa. Hakuna haja ya kumweleza msomaji chochote. Ngeli itakuwa imemweleza. Mwandishi atahitaji tu kukaa na mhariri wake mapema, maana mhariri mwema atasahihisha kila kitu na kuung'oa uzi wote kwa usiku mmoja.

Kwetu tumezoea kwenda njia nyingine. Majalada yetu yanasema fulani na Hadithi Nyingine: Damu Nyeusi na Hadithi Nyingine, Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine. Hadithi moja inabeba jina, zilizobaki zinapanda nyuma. Hiyo ni sawa kabisa kwa diwani ya waandishi wengi. Kwa mwandishi mmoja mwenye swali moja ni hasara. Mtandaoni nako kumejaa hadithi za sehemu kwa sehemu, kila sehemu ikikatwa pale roho inapotaka kutoka, kisha itaendelea. Vipande vya namna hiyo havishoneki kwa urahisi, kwa sababu kila kimoja kimeraruliwa na hakina ukingo. Ukili una ukingo wake. Hadithi fupi inayokusudiwa kuungwa lazima kwanza iwe imekwisha.

Na nakshi ya kwetu tunayo. Vijana wa Nairobi waliajiriwa, kwa malipo yaliyokuwa chini ya dola 2 kwa saa, kusoma na kupanga maandishi ya ukatili na ubakaji ili mifumo ya akili mnemba ifunzwe kuyatambua na kuyaepuka. Habari hiyo ilienea duniani mapema mwaka 2023, na baadhi yao walieleza jinsi kazi ile ilivyowaachia majeraha ya akili. Nilipoisoma nilimkumbuka Robbie, nikaona Asimov alianzia katikati. Kabla ya mashine kuwa yaya wa mtoto, kuna mtu aliyekuwa yaya wa mashine, aliyeifunza adabu kwa kula uchafu wote yeye. Huyo ndiye Calvin wetu, na yeye ana cha kupoteza. Hadithi ya kwanza iwe yake, usiku, mbele ya kioo cha kompyuta. Ya mwisho iwe ya mtoto wake, akibembelezwa na sauti tulivu yenye heshima, ambayo mama mtu anaitambua kwa maneno isiyoyasema.

Katikati ya hapo mwandishi atakuwa na hadithi nyingine nzuri ambazo hazina nafasi, na hapo ndipo wengi hushindwa. Kufikia mwaka 1950 Asimov alikuwa na hadithi za roboti zaidi ya tisa. Robot AL-76 Goes Astray na Victory Unintentional, zote za mwaka 1942, zilikuwa zimeshachapishwa majaridani. Ni hadithi za kuchekesha, zinasomeka. Ila neno kudhuru halisogei hata hatua moja ndani yake, naye aliziacha kabatini. Zilingoja kitabu kingine hadi mwaka 1964.